Breki za gari la biashara Arua na Koboko: kilomita huisha kabla ya miezi

ARUA, Uganda – Kitabu kinachokuja na gari dogo kutoka Japani huwa na jedwali la matengenezo, na kwenye mstari wa mafuta ya breki mara nyingi pameandikwa kilomita 40,000 au miezi 24, lolote litakalotangulia. Kwa mtu anayekwenda ofisini asubuhi na kurudi jioni, miezi 24 ndiyo hutangulia. Kwa Hiace ya abiria inayofanya kazi kati ya Arua na Koboko, hesabu ni nyingine kabisa.

Arua hadi Koboko ni karibu kilomita 55. Gari likienda na kurudi mara mbili kwa siku limetembea kilomita 220, na kwa siku sita za kazi ni kilomita 1,320. Katika wiki 31 hivi, yaani miezi saba, zile kilomita 40,000 zimekwisha. Canter linalokwenda Kampala na kurudi mara mbili kwa wiki, safari ya karibu kilomita 480 kila upande, linazimaliza katika wiki 21. Mwenye gari anayesubiri miaka miwili kwa sababu ndivyo alivyosikia atakuwa amepitisha muda mara tatu hadi tano.

Kwa hiyo swali linaloulizwa kila siku gereji, kwamba breki zihudumiwe kila baada ya muda gani, haliwezi kujibiwa kwa kalenda peke yake. Linajibiwa kwa kuangalia gari linafanya kazi gani, linabeba uzito gani, linapita barabara gani, na linakaa siku ngapi limeegeshwa mpakani likisubiri karatasi.

Lami imebadilisha kazi ya breki

Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ina kilomita 92, kutoka mpaka wa Congo hadi mpaka wa Sudan Kusini. Ilikuwa ya vumbi hadi ilipowekwa lami katika miaka ya 2010, na wafanyabiashara waliifurahia kwa haki kabisa. Lakini lami ilileta mwendo, na mwendo una gharama yake. Nguvu ambayo breki inatakiwa kuimeza haiongezeki sawa na mwendo wa gari. Huongezeka kwa mraba wa mwendo huo. Lori lililozoea kilomita 50 kwa saa kwenye vumbi likipandisha hadi 80 kwenye lami, kazi ya kulisimamisha imekuwa zaidi ya mara mbili na nusu, ingawa mzigo ni uleule na pedi ni zilezile.

Likishavuka Oraba na kuingia Kaya, mambo yanageuka tena. Barabara ya kutoka Kaya kwenda Yei na Juba ni ya udongo kwa sehemu kubwa. Huko adui mkubwa si joto bali ni vumbi la kiangazi na matope ya masika, ambayo huingia ndani ya dramu na kukaa kati ya lainingi na chuma, yakisaga kama msasa. Upande wa kuendesha nao unabadilika. Uganda magari hupita kushoto, Sudan Kusini na Congo hupita kulia. Dereva mwenye usukani wa kulia akitaka kulipita gari la mbele yake upande ule haoni barabara mpaka awe ametoka nusu nzima, na akikuta lori linakuja, kinachomrudisha nyuma ni breki.

Upande wa kusini kuna mteremko. Mji wa Arua uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Pakwach, ukingoni mwa Nile, haufiki mita 700. Tofauti ni mita 500 hivi, na sehemu yake kubwa inapatikana baada ya kuipita Nebbi. Lori la tani 30 likishuka mita 500 linaachia nishati sawa na ya kuteketeza lita nne za dizeli. Sehemu ya nishati hiyo huliwa na upepo, matairi na injini yenyewe. Inayobaki hugeuka joto kwenye breki, hakuna mahali pengine inapoweza kwenda. Kwa lori la tani 56, ambacho ndicho kikomo cha juu kabisa katika sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, ni zaidi ya lita saba. Anayezidisha mzigo huwa na hofu ya mizani. Angestahili kuuogopa zaidi mteremko, kwa kuwa mteremko hautozi faini.

Mafuta ya breki hunywa maji

Magari madogo, Hiace, pikapu na Canter hutumia mafuta kupeleka nguvu ya mguu hadi kwenye magurudumu. Dereva akikanyaga pedeli, masta silinda husukuma mafuta ndani ya paipu, nayo husukuma pistoni zinazobana pedi au viatu vya breki. Mfumo mzima unategemea jambo moja: mafuta hayabanwi. Mvuke hubanwa.

Mafuta mengi ya breki yana tabia ambayo wenye magari wengi hawaijui au wanaipuuza. Hunywa maji kutoka hewani. Unyevu hupenya taratibu kupitia mipira ya breki na tundu la kupumulia la kifuniko cha tangi, hata gari likiwa limeegeshwa. Maji hayo hayaonekani kwa macho, lakini hushusha kiwango cha joto ambacho mafuta huanza kuchemka. Viwango vya Marekani, ambavyo ndivyo vilivyoleta majina ya DOT yanayosomeka kwenye chupa, vinataka DOT 3 mpya isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanywa maji ya asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155, na DOT 5.1 huanza na 260 na kushuka hadi 180.

Sasa lirudi lile gari la mteremkoni. Breki inayokanyagwa mfululizo kwa kilomita kadhaa hupita nyuzi 140 bila shida yoyote. Mafuta yaliyo karibu na pedi huchemka, mapovu ya mvuke hujaa ndani ya silinda, na dereva akikanyaga anakuwa anabana mvuke. Pedeli inakwenda hadi sakafuni na gari haliitiki.

Kibaya zaidi, ushahidi hupotea. Baada ya muda mvuke hupoa na kurudi kuwa majimaji, na pedeli inasimama juu kama kawaida. Gari likipelekwa gereji au likikaguliwa na polisi, breki zinaonekana nzima. Dereva anaapa kwamba zilikata, mwenye gari anamwona mwongo, na kila mmoja anasema kile alichokiona. Ajira nyingi za udereva huenda zimeisha kwa mabishano ya namna hii.

Fundi mzoefu huanza kwa kuuliza pedeli ilifanya nini. Pedeli laini inayopanda ikipampuliwa mara mbili tatu ina maana kwamba mfumo umeingia upepo, au viatu vya nyuma vimelegea na vinahitaji kukazwa. Pedeli inayozama polepole wakati dereva ameishikilia, gari likiwa limesimama, inaonyesha kwamba masta silinda inavuja kwa ndani au kuna paipu inayotoka mafuta. Pedeli ngumu kama jiwe inaelekeza kwenye busta. Na kama pedeli iko juu lakini gari haliumi na kuna harufu ya kuungua, lainingi zimepata moto kupita kiasi. Pedeli iliyokuwa nzuri Nebbi, ikapotea karibu na Pakwach, kisha ikarudi baada ya gari kupumzika, hiyo ni habari ya mafuta yaliyochemka. Yabadilishwe yote, hata yakionekana masafi.

Rangi si kipimo. Ni kweli mafuta yaliyochakaa huwa ya kahawia au meusi, lakini yapo yanayong'aa na yamejaa maji. Kuna vifaa vidogo mfano wa kalamu vinavyokadiria maji, na kuna vinavyochemsha kiasi kidogo cha mafuta na kusoma nyuzi. Hivi vya pili ndivyo vya kuaminika zaidi. Gereji isiyo na kifaa chochote ishike kalenda na dashibodi.

Kwa gari la biashara la West Nile, kiwango cha busara ni kubadilisha mafuta yote ya breki kila miezi 12 au kilomita 40,000, lolote litakalotangulia. Kama kitabu cha gari kinataka mapema zaidi, kitabu kifuatwe. Gari la nyumbani lisilobeba mzigo linaweza kukaa na miezi 24. Gari lililozama kwenye maji hadi juu ya magurudumu likaguliwe bila kusubiri zamu yake.

Kubadilisha si kuongeza. Anayemwaga mafuta mapya juu ya ya zamani kwenye tangi ameacha mafuta yaliyochoka palepale yanapochemkia, yaani kwenye silinda za magurudumu. Kazi kamili hufanywa na watu wawili, mmoja kwenye pedeli na mwingine chini ya gari na ufunguo na kipande cha mpira kilichochovywa kwenye chupa. Hutoa upepo gurudumu moja baada ya jingine, kwa utaratibu unaotajwa na mtengenezaji, mpaka yanayotoka yawe mapya. Kwa gari dogo lita moja kwa kawaida hutosha. Yaliyotoka kwenye mpira hayarudishwi tangini, hata kama yanaonekana bado mazuri na hata kama duka limefungwa.

Chupa nayo ina mambo yake. Arua ni mji uliozoea mafuta ya kupimiwa tangu enzi za vijana wa OPEC, waliouza barabarani petroli ya magendo kutoka Congo, na wengi hawaoni tatizo kununua kitu chochote cha majimaji kwa kipimo cha kikombe. Petroli inaweza kuvumilia biashara hiyo. Mafuta ya breki hayavumilii, kwa sababu chupa iliyofunguliwa huanza kunywa unyevu saa ileile. Inunuliwe chupa ndogo iliyofungwa, imalizwe, na kinachobaki kisiwekwe kwa ajili ya mwaka ujao.

Oili ya injini, mafuta ya gia au ya usukani yakiingia kwenye tangi la breki hata kwa kosa la mara moja, mipira ya ndani huvimba, na breki zinaweza kubana zenyewe au kuvuja. Dawa yake ni kufumua mfumo wote na kubadilisha mipira, gharama ambayo ni mara nyingi ya bei ya chupa. Na kwa kuwa majina yanafanana, msomaji akumbuke kwamba DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine, wakati DOT 5.1 ni ya jamii moja na DOT 3 na DOT 4.

Pedi, viatu na dramu

Hapa jibu ni fupi zaidi, kwa sababu lainingi inapimika kwa jicho na rula. Kila gari linapobadilishwa oili ya injini, pedi zichunguliwe. Kila kilomita 10,000 magurudumu yafunguliwe na dramu zitolewe. Kwa gari linalovuka kwenda Yei au kuingia njia za udongo za Congo, kila 5,000. Watengenezaji wengi wa magari madogo huweka milimita 1 kama mwisho kabisa wa lainingi, lakini kwa gari la biashara milimita 3 ndiyo iwe mwisho, maana ikikaguliwa Arua na milimita 2 haina uhakika wa kurudi. Lainingi za ribiti za malori huhesabiwa kuanzia kichwa cha ribiti, si kuanzia bati, kwa kuwa ribiti ikigusa dramu huichimba mifereji.

Dramu na diski nazo huisha. Dramu huwa imepigwa chapa ya kipenyo cha juu kinachoruhusiwa, na diski huwa na unene wa chini. Fundi anayechonga dramu mara ya tatu bila kusoma chapa hiyo anampunguzia mteja chuma ambacho kazi yake ni kubeba joto.

Kuna jambo dogo linalowachanganya madereva wengi. Kadiri pedi zinavyoisha, pistoni hutoka nje zaidi na mafuta hushuka tangini bila kuvuja popote. Dereva anayeongeza kila yanaposhuka anaficha taarifa ambayo gari linajaribu kumpa. Pedi mpya zikifungwa, mafuta hayo ya ziada humwagika na kula rangi ya bodi. Yakishuka, kwanza ikaguliwe pedi, kisha itafutwe sehemu inayovuja.

Pedi hubadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja. Na vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo wa kompresa usoni mwa kijana wa gereji: lainingi za zamani zilikuwa na asbestosi, na hakuna anayejua kilichomo kwenye zile zisizo na jina. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Malori ya breki za upepo

Malori makubwa na matela hayatumii mafuta bali upepo uliobanwa kwenye matangi. Yapo pia ya ukubwa wa kati kutoka Japani yanayotumia vyote viwili, upepo ukisukuma mafuta, na hayo yanahitaji huduma ya pande zote. Mwenye lori la mtumba aulize mapema ni lipi analo, kwa kuwa kuna watu hukaa miaka wakijua lori lao ni "la upepo" kumbe kuna tangi la mafuta ya breki ambalo halijawahi kufunguliwa.

Kwenye mfumo wa upepo, adui ni maji yaleyale kwa sura nyingine. Hewa ikibanwa huacha maji na mabaki ya oili ya kompresa ndani ya matangi. Valvu za chini zifunguliwe kila siku, kazi ya dakika chache ambayo utingo anaweza kuifanya lori linapolala. Kikausha upepo hubadilishwa kichujio chake karibu kila mwaka. Maji mengi yakianza kutoka kwenye matangi, muda wake umekwisha hata kama mwaka haujafika.

Kuvuja hupimwa kwa saa ya mkononi. Upepo ukiwa umejaa, injini inazimwa, magurudumu yanawekewa vizuizi, breki ya kuegesha inaachiwa, na dereva anakanyaga na kushikilia kwa dakika moja. Kipimo wanachofanyiwa madereva wa Marekani kwenye mtihani wa leseni ni kwamba geji isishuke zaidi ya psi 3 kwa lori lisilo na tela, na psi 4 kwa lenye tela. Kipimo hicho hakihitaji kifaa chochote na kinafaa vilevile Koboko.

Lakini linalofichika zaidi ni urefu wa mwendo wa fimbo inayotoka kwenye chemba ya breki. Kwa chemba za ukubwa wa 30, ambazo zimeenea kwenye matela, fimbo ikitoka zaidi ya sentimita 5 hivi breki imepita kikomo. Ichorwe alama ya chaki inapoingilia kwenye chemba, breki ikanyagwe kikamilifu, kisha umbali upimwe kwa rula. Sababu ya kuwa mkali hapa ni kwamba dramu ikipata moto hutanuka na kuikimbia lainingi, hivyo fimbo hulazimika kutoka zaidi. Breki iliyo ukingoni asubuhi ikiwa baridi uwanjani Arua inaweza kuwa haipo kabisa ikiwa na moto mteremkoni. Ukaguzi huu ufanyike kila wiki, na kila kabla ya safari ndefu yenye mzigo kamili.

Nani analipa pedi, nani anabaki na dizeli

Breki haziishi kwa sababu ya barabara tu. Zinaisha pia kwa sababu ya makubaliano ya fedha kati ya mwenye gari na dereva. Pale ambapo dereva hupewa dizeli ya safari na kinachosalia kinakuwa chake, wakati pedi hulipwa na mwenye gari, ana sababu ya kushuka mlima akiwa ameweka fri. Gia ikiwa huru injini haisaidii kushikilia gari, na uzito wote unaangukia breki.

Kinachosikitisha ni kwamba akiba yenyewe haipo. Injini za dizeli zinaposukumwa na magurudumu, gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, pampu hukata dizeli karibu yote. Gari lililo kwenye fri huendelea kunywa dizeli ya sailensa ili injini isizime. Dereva anayeshuka kwa fri anatumia dizeli zaidi kidogo kuliko mwenzake aliye kwenye gia ya tatu, anamaliza lainingi za mwajiri wake, na anachemsha mafuta ya breki. Hapa hakuna anayepata faida isipokuwa muuza spea.

Kanuni ya zamani ya madereva wa malori inabaki kuwa ya kweli: mlima ushukwe kwa gia ileile ambayo ungepandiwa, au ya chini yake. Breki ya egzosi ifunguliwe mapema, kabla mwendo haujawa mkubwa, na breki ya mguu itumike kwa kukanyaga kwa nguvu kisha kuachia ili ipoe, si kuiegemea kidogokidogo kutoka juu hadi chini.

Gari linalosubiri mpakani

Lipo kundi ambalo miezi huwahi kabla ya kilomita. Ni magari yanayokaa mpakani yakisubiri nyaraka, mzigo au usalama wa barabara, na magari ya wafanyabiashara yanayosimama uani wakati wenyewe wako safarini Juba au Aru. Mapigano ya Juba ya Julai 2016 yalipovuruga njia ya Yei, wafanyabiashara wa upande huu walijifunza kwamba gari linaweza kusimama muda mrefu bila mwenyewe kupanga.

Gari lililosimama halimalizi pedi, lakini mafuta yake yanaendelea kunywa unyevu, hasa miezi ya mvua. Silinda hushika kutu, kebo ya breki ya mkono hukwama, na viatu hugandana na dramu. Kwa hiyo gari lililolala zaidi ya mwezi lisipakiwe moja kwa moja. Livutwe tupu kwanza kilomita chache, breki zikanyagwe kwa mwendo mdogo, kisha dereva ashuke aguse rimu kwa uangalifu. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki ya gurudumu hilo inabana. Ikiwa ya baridi kabisa, haifanyi kazi.

Gharama ya kilomita moja

Njia rahisi ya kuondoa mabishano ni kuiweka breki kwenye gharama za safari, kama dizeli. Kwa mfano tu, tuseme huduma kamili ya breki za Canter, pamoja na mafuta, pedi, viatu na ufundi, ni shilingi 600,000 na inatarajiwa kudumu kilomita 40,000. Kila kilomita imebeba shilingi 15. Safari ya Kampala na kurudi ya kilomita 960 imebeba shilingi 14,400, ambazo zikitengwa kila gari linaporudi, fedha zitakuwepo siku ya huduma ikifika. Kila mmoja aweke bei anayolipa yeye. Hesabu ni ileile. Kwa kulinganisha, mwenye mzigo wa nyanya au samaki anajua mwenyewe thamani ya siku moja ya kulala barabarani.

Kuhesabu kwa safari badala ya kilomita kuna mtego wake. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo kuanzia Septemba hadi Desemba 2024, malori yaliyokuwa yakilipita yalilazimika kuzunguka njia ndefu zaidi. Kwenye daftari la aliyeandika "safari moja" hakuna kilichobadilika. Kwenye breki kilibadilika. Gari ambalo dashibodi yake imekufa lihesabiwe kwa dizeli: lita zilizonunuliwa zizidishwe kwa kilomita ambazo gari hilo kwa kawaida hutembea kwa lita moja.

Daftari lenyewe ni ukurasa mmoja, likae ndani ya gari. Liandikwe tarehe, kilomita, unene wa lainingi kwa kila gurudumu, aina ya mafuta ya breki na siku yalipobadilishwa, pamoja na jina la fundi. Sheria ya usalama barabarani ya Uganda ya mwaka 1998 inakataza gari bovu kuwa barabarani, na kila dereva anajua maana ya herufi DMC polisi wanapolizuia gari. Mikataba mingi ya bima nayo humtaka mwenye gari alitunze liwe salama. Siku ya ajali, mwenye ukurasa huo ana kitu cha kuonyesha, na dereva aliyeripoti pedeli laini wiki mbili kabla ana maandishi yake.

Kwa anayeelekea Kaya, mahali pa kufanya ukaguzi wa mwisho ni Koboko, kabla ya kilomita 17 hivi zinazobaki hadi Oraba. Injini ikiwa inawaka, pedeli ikanyagwe kwa nguvu na kushikiliwa kwa nusu dakika huku utingo akitazama ndani ya kila gurudumu na chini ya gari. Ikizama, au utingo akiona majimaji, mzigo usubiri. Chupa iliyofungwa na fundi anayeaminika bado vinapatikana mjini hapo, na Arua ni mwendo wa saa moja.